Waipa za Gari la Kale: Fufua Spea Orijino Kabla ya Kununua Mpya

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Waipa zangu zinatambaa kama konokono, nitafute mota mpya?" "Zimekwama katikati ya kioo." "Zinalia utadhani zinachuna ngozi." Jibu langu la kwanza huwa moja: usinunue chochote bado. Katika magari ya kale niliyoyafungua, mota iliyoungua kabisa nimeikuta mara chache mno. Ninachokikuta kila mara ni grisi iliyoganda tangu gari litoke kiwandani, waya wa bodi (unaorudisha umeme kwenye betri kupitia mwili wa gari) ulioshika kutu, na raba iliyokauka. Vyote hivyo vinatibika kwa mikono yako mwenyewe, kwa wikiendi moja au mbili.

Tena kuna sababu ya pili ya kutokimbilia spea mpya. Spea nyingi za kuiga zina meno laini kwenye kichwa cha mkono unaoshika bledi, au urefu unaopishana kidogo na ule wa zamani, na hilo "kidogo" ndilo linalofanya bledi igonge fremu ya kioo. Chuma cha zamani kikisafishwa vizuri hukaa mahali pake, kwa sababu ndipo kilipotoka.

Kanuni ninayoifuata ni hii: anza kwenye kioo, rudi nyuma taratibu hadi kwenye betri. Kioo, raba, mikono, kebo, mota, nyaya. Wengi huanza na mota, ndiyo maana wanaishia kununua mota.

Gari lako lina mfumo upi?

Wa kwanza ni wa kebo yenye meno. Mota inakaa pembeni, mara nyingi chini ya boneti, na inavuta na kusukuma kebo ngumu iliyozungushiwa waya mfano wa skrubu ndefu. Kebo inapita ndani ya bomba la chuma na kuzungusha kigurudumu chenye meno kilichofichwa ndani ya kiboksi chini ya kila mkono wa waipa. Hizi ni za kampuni ya Lucas ya Uingereza, mota za modeli DR3A na baadaye 14W, utazikuta kwenye MGB, Mini na Triumph nyingi.

Wa pili ni wa fimbo na viungo, kama wa Volkswagen Beetle: mota na fimbo zake zimefungwa kwenye fremu moja ndogo nyuma ya dashibodi.

Wa tatu hauna umeme kabisa. Unavutwa na upepo wa injini, yaani mvuto wa hewa, kupitia mpira unaotoka kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Kampuni ya Trico ya Marekani ilitengeneza nyingi za aina hii, na kampuni ya AMC iliendelea kuzitumia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nimeziwekea sehemu yake karibu na mwisho.

Land Rover Series za mwanzo wana utaratibu wao: mota ndogo inakaa kwenye fremu ya kioo chenyewe. Hao waruke hatua ya kebo.

Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata Lucas, kwa sababu ndizo zinazoulizwa zaidi. Mwenye fimbo atabadilisha hatua ya 6 tu.

Vya kuandaa kabla ya kugusa gari

- Spana na bisibisi za kawaida. Magari ya Kiingereza ya wakati huo yanataka spana za inchi; ukilazimisha za milimita utakula kona za nati.
- Multimita, kipimo cha umeme.
- Mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa ya kusafishia, grisi ya lithiamu, na oili ya injini nyepesi kiasi cha kikombe.
- Spiriti ya kusafishia kioo.
- Tepu ya karatasi, kalamu, mifuko midogo ya plastiki ya kuwekea skrubu.
- Vijiti vya mbao vilivyochongwa ncha. Hutaamini kazi ya hivi vijiti mpaka uvitumie.
- Taulo nene au blanketi la kutandika juu ya kioo.
- Raba mpya za bledi, ila usizinunue mpaka ufike hatua ya 9, maana hapo ndipo utakapojua vipimo.
- Simu ya kupigia picha. Piga nyingi kuliko unavyodhani zinatosha.

Jambo moja la usalama, nalo ni la lazima: kabla ya kugusa mota au kebo, toa waya wa betri. Fimbo za waipa zina nguvu ya kutosha kukata kidole, na mota inayojipaki yenyewe, yaani inayorudisha bledi mahali pa kulala ukizima, inaweza kuzunguka bila kukutaarifu.

Kazi yenyewe

1. Jaribu kabla ya kufungua. Lowesha kioo, washa waipa, tazama na usikilize. Kisha zima, inua mikono yote isiguse kioo, washa tena. Kama sasa zinakimbia vizuri, tatizo lako liko kwenye raba, kioo au mikono. Mota haina hatia. Kama bado zinajikokota, endelea kurudi nyuma. Andika unachokiona, baada ya wiki moja hutakumbuka.

 *Tahadhari:* usiwashe waipa kwenye kioo kikavu, hata kwa majaribio ya sekunde kumi. Raba kavu inaburuza mota, nayo mchanga uliomo inauandika kwenye kioo kama kalamu.

2. Weka alama. Zima waipa zijipaki, kisha bandika tepu kwenye kioo sawasawa na mstari wa kila bledi. Hii ndiyo ramani yako ya kurudishia. Andika pia mkono upi ni wa dereva na upi wa abiria. Katika magari mengi mikono miwili haifanani: mmoja umepinda zaidi, au ni mrefu kwa sentimita moja.

3. Toa mikono. Tandika taulo kwenye kioo kwanza. Hili nalisema kwa uchungu: niliwahi kuuachia mkono ukaniponyoka, springi ikaurudisha kwa nguvu bila bledi, na kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona. Kioo cha gari lile kilinichukua muda mrefu kukipata kuliko gari lenyewe.

 Angalia mkono umeshikwa na nini. Baadhi una klipu ndogo chini ya kichwa: inyanyue kwa bisibisi nyembamba huku ukivuta mkono juu. Baadhi una nati na koni ya shaba ndani: legeza nati, gonga kichwa kidogo kwa mpini wa mbao, koni itaachia. Baadhi una skrubu ya pembeni. Ukigoma, weka mafuta ya kulegeza kutu uache usiku kucha. Ukilazimika kutumia bisibisi mbili kuunyanyua, weka ubao mwembamba chini yake, na unyanyue pande zote mbili kwa pamoja. Kuunyanyua upande mmoja kunapinda shafti, na shafti iliyopinda haisamehe.

4. Jaribu tena bila mikono. Washa uone shafti zinavyozunguka. Shika moja kwa vidole. Ikitembea kwa shida hata bila mzigo, grisi imeganda kwenye viboksi au ndani ya mota. Ikiwa shafti moja inazunguka na nyingine imetulia, meno ya kigurudumu chake yamekwisha. Nenda hatua ya 6 ukiwa na furaha, kwa sababu dawa yake ni ya bure.

5. Pima umeme. Pima volti za betri, kisha pima kwenye plagi ya mota huku mota ikijaribu kuzunguka. Betri ikisoma 12.5 na mota ikapata 10, volti zilizopotea zimeliwa na nyaya, swichi au fyuzi. Halafu weka ncha moja ya multimita kwenye mwili wa mota na nyingine kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, waipa zikiwa zimewashwa. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa bodi ni mbaya. Kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, funga upya, paka grisi juu.

 Wenye DR3A wasikilize hapa. Katika magari mengi yenye mota hiyo, waya wa moto unakwenda moja kwa moja kwenye mota kupitia fyuzi, na swichi ya dashibodi inakata upande wa bodi. Maana yake swichi yenyewe inahitaji kugusa bodi vizuri. Mtu anapaka dashibodi rangi mpya ya kupendeza, anarudishia swichi, waipa zinakufa, analaumu mota. Nimeliona hilo mara tatu.

 Jambo jingine: magari mengi ya Kiingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi. DR3A ina koili mahali pa sumaku, kwa hiyo ukigeuza betri inaendelea kuzunguka upande uleule. 14W ina sumaku za kudumu. Ukizigeuzia nyaya inazunguka kinyume, na swichi yake ya kujipaki inaweza kuvunjika. Na kama gari lako lilikuwa la volti 6, kama zilivyokuwa Beetle nyingi za kabla ya 1967, nawe umeliwekea betri ya volti 12, mota ya zamani itakimbia kwa kasi ya ajabu kwa muda, kisha itaungua.

6. Toa kebo na ufungue viboksi. Hapa ndipo penye utamu. Legeza nati kubwa inayounga bomba la kebo na mota, toa skrubu za mota, vuta mota polepole pamoja na kebo yake yote. Itatoka na grisi nyeusi, ngumu kama nta ya mshumaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiichosha mota yako.

 Safisha kebo kwa mafuta ya taa na brashi ya meno iliyochakaa. Usitumie petroli, mvuke wake unatafuta cheche. Ikaushe, itandaze kwenye meza na ipitishie kidole. Utakuta upande mmoja umelika, ule uliokuwa ukigusa vigurudumu, na upande wa pili uko kama mpya. Utakaporudishia, igeuze nusu mzunguko. Umepata kebo mpya bila kununua.

 Viboksi navyo vina siri kama hiyo. Kigurudumu kina meno pande zote, lakini waipa haizungushi duara zima, inakwenda na kurudi tu. Kwa hiyo meno ya upande mmoja yanalika na ya upande wa pili hayajawahi kuguswa. Legeza skrubu za kiboksi, inua shafti, izungushe nyuzi 180, irudishe. Kwa kuwa kichwa cha mkono kinaweza kukaa popote kwenye meno ya shafti, hakuna kitakachoharibika. Mafundi waliozoea Lucas wanaujua mchezo huu tangu zamani, lakini bado naona watu wakiagiza viboksi vipya wakati walivyonavyo vimetumika nusu tu.

 Badilisha kiboksi pale tu shafti inapoyumba ndani ya tundu lake, au pale sehemu ya nje ya aloi ya zinki imepasuka. Usijaribu kuichomelea zinki hiyo. Inayeyuka kabla hujajua unachofanya.

 Kagua bomba kwa macho. Likiwa limebonyea au limepinda kwa ghafla, kebo itakwama hapo milele. Lucas walitaka pindo lolote lisiwe na nusu kipenyo kilicho chini ya inchi 9. Baada ya kusafisha, paka kebo grisi ya lithiamu, ipitishe kwenye bomba na viboksi bila mota na bila mikono, kisha ivute kwa mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo. Nguvu ya kuivuta isizidi kilo 2.7. Ikizidi, legeza skrubu za viboksi moja moja huku ukivuta. Mara nyingi kiboksi kimoja kimekaa upande na kinabana kebo.

 Kwa wenye fimbo: toa fremu nzima, safisha kila kiungo, uone kama bushi za viungo zimelegea. Bushi zikichezacheza milimita moja, kwenye ncha ya bledi mchezo huo ni sentimita kadhaa. Hizo badilisha bila kujiuliza.

7. Fungua mota. Kabla ya skrubu hata moja, chora mstari kwa kalamu kutoka kwenye mwili wa mota hadi kwenye kiboksi cha gia. Kwenye 14W mstari huu si wa mapambo: mwili una sumaku ndani, na ukiurudisha umegeuka nusu mzunguko, mota itazunguka kinyume.

 Ndani utakuta amecha, yaani ile roho inayozunguka, na mwishoni mwake ngoma ndogo ya vipande vya shaba ambayo kaboni, vile vipande vinavyoipelekea umeme, zinaigusa. Ngoma ikiwa nyeusi, isugue taratibu kwa msasa laini wa kawaida huku ukizungusha amecha. Msasa wa emeri usiuguse: punje zake zinapitisha umeme na hujificha kati ya vipande vya shaba. Safisha mifereji kwa vile vijiti vya mbao.

 Pima kaboni. Kwa 14W, zikiwa fupi kuliko milimita 4.8 zibadilishe. Springi za kaboni zisukume kwa nguvu. Zikiwa zimebadilika rangi kuwa ya buluu, zilishapata joto na zimechoka.

 Bushi za shafti ni za shaba yenye vinyweleo, zinanyonya oili. Ukiweka mpya, ziloweke kwanza kwenye oili nyepesi ya injini kwa saa 24. Zile za zamani zikiwa bado zimebana vizuri, matone mawili ya oili yanatosha, upanguse inayozidi. Oili ikifika kwenye kaboni umejitengenezea kazi nyingine.

 Toa kifuniko cha gia. Safisha grisi yote ya zamani, weka mpya kwenye meno, kiasi cha kijiko kidogo. Tazama gia kubwa ya 14W: imeandikwa namba, kama 105, 110, 115 au 130. Hizo ni nyuzi za mzunguko wa waipa. Ukinunua mota ya mtumba kutoka gari jingine, mwili unaweza kufanana kabisa na namba hiyo ikawa tofauti, kisha bledi zako zikafagia boneti. Hamisha gia yako ya zamani uiweke kwenye mota hiyo.

8. Rudishia mota na uipime mezani. Amecha haitakiwi kubanwa wala kuchezacheza sana mbele na nyuma. Kaza skrubu ya kuzuia amecha mpaka iguse, kisha irudishe robo mzunguko na ufunge nati yake.

 Iwashe bila kebo kwa dakika moja, kisha pima. DR3A iliyo nzima inakula ampea 2.7 hadi 3.4, na gia kubwa inazunguka mara 44 hadi 48 kwa dakika. 14W inakula takriban ampea 1.5 kwa kasi ya kawaida na mizunguko 46 hadi 52. Kwa kasi kubwa ampea 2 na mizunguko 60 hadi 70. Ikila ampea nyingi huku inazunguka polepole, kuna kitu kinabana, au koili za amecha zimegusana. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, naruhusu mazungumzo ya mota nyingine.

 Kabla ya kuitafuta, soma maandishi yaliyogongwa kwenye mwili. Lucas walichapa namba ya spea pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mtu anayetaka gari libaki kama lilivyotoka, tarehe hiyo ni mali. Nitapendelea mota iliyokufa yenye tarehe sahihi, niihamishie amecha ya nyingine, kuliko kuitupa.

9. Mikono na bledi. Safisha kwa maji ya sabuni kwanza uone kilichopo. Mikono mingi ya zamani ni chuma kisichoshika kutu, na inarudi vizuri kwa dawa ya kung'arishia. Iliyopakwa rangi ibaki na rangi. Usiitie kromu iliyokuwa haina kromu: jua la jioni litakuja moja kwa moja machoni. Marekani, kuanzia magari ya 1968, sheria iliwabana watengenezaji wapunguze mng'ao wa mikono na bledi mbele ya dereva, ndiyo sababu magari mengi ya baada ya hapo yana mikono ya rangi iliyofifia. Na ukipeleka mkono kwenye kromu, toa springi kwanza. Springi ikipitia kwenye kromu inaweza kuwa tete na kukatika.

 Kiungo cha mkono kipe tone moja la oili, kikunje na kukikunjua mpaka kilegee. Usiivute springi kuiongeza nguvu. Ikiwa imechoka, itafute nyingine.

 Sasa bledi. Kosa kubwa kuliko yote ninaloliona ni hili: kioo bapa kuwekewa bledi ya kioo kilichopinda, au kinyume chake. Bledi ya kioo bapa ina mgongo mmoja mgumu. Ya kioo kilichopinda ina madaraja madogo yanayocheza ili raba ifuate mkunjo. Ukichanganya, katikati itafuta na ncha zitaning'inia. Angalia kioo chako kwa kuweka rula juu yake.

 Fremu ya bledi orijino ibaki, badilisha raba tu. Pima urefu wa raba ya zamani, upana wa mgongo wake, na kama ina vipande viwili vya chuma pembeni. Raba mpya ikizidi urefu, ikate kwa wembe mkali uliolowa maji, kata moja iliyonyooka. Mkasi unaacha ncha ya mviringo, na ncha hiyo inaacha mstari wa maji.

10. Safisha kioo kama mgonjwa wa chumba cha upasuaji. Sabuni, maji, kisha spiriti. Miaka ya nta na moshi imejenga utando. Mwagia maji: yakijikusanya matone, utando bado upo. Yakitandaa sawasawa, uko tayari.

11. Funga na upange. Rudisha waya wa betri, washa waipa bila mikono, zima, zijipaki. Sasa weka mikono kufuata tepu zako. Mota zisizojipaki zenyewe, zile za mwanzo, zinasimamishwa kwa swichi mahali zilipofika; hizo panga mwenyewe mahali pa kulala bledi. Kwenye DR3A, kifuniko cha mviringo juu ya gia kinazunguka kidogo: legeza skrubu zake, kigeuze kidogo kidogo mpaka bledi zilale pale unapotaka. Kwenye 14W, sogeza mkono jino moja.

 Lowesha kioo, washa. Bledi isikaribie fremu wala boneti, na bledi mbili zisigongane. Jaguar E-Type za mwanzo zenye waipa tatu zinahitaji uvumilivu wa pekee hapa. Sogeza mmoja mmoja, kuanzia wa katikati.

Kwa wenye waipa za upepo

Waipa hizi zikipungua kasi gari linapopanda mlima si ugonjwa. Ukikanyaga mafuta, mvuto ndani ya manifoldi unashuka, na waipa zinashuka nao. Ndivyo zilivyozaliwa. Baadhi ya magari yalipewa pampu ya mafuta yenye sehemu ya pili ya kusaidia mvuto. Ikichoka, waipa zinakwisha nguvu ingawa injini ni nzima.

Anza na mpira. Ubadilishe wote hata kama unaonekana mzima, kwa sababu ufa wake uko ndani. Halafu mota: ndani kuna bawa lenye ukingo wa ngozi, na ngozi hiyo ikikauka inavujisha. Ilainishe kwa mafuta ya kutunzia viatu na hatamu za ngozi. Oili ya injini iache kwenye injini. Gasketi ya kifuniko ibadilishe, na skrubu zikaze kwa zamu, pembe kwa pembe.

Zikikusumbua bado

*Bledi inarukaruka ikienda upande mmoja tu.* Mkono umejipinda, raba haisimami wima kwenye kioo. Utoe, ubane kwenye jiliwa lenye vitambaa, uupinde kwa nyuzi mbili tatu. Usiupinde ukiwa juu ya kioo.

*Inarukaruka pande zote.* Utando kwenye kioo, au raba imekauka. Rudi hatua ya 10.

*Kuna mstari wa maji usiofutika.* Raba imekatika mahali hapo, au kuna punje ya mchanga. Pitisha kidole.

*Zinafuta katikati, ncha zinapita hewani.* Bledi si ya kioo hicho. Hakuna marekebisho mengine.

*Zinasimama popote zinapozimwa badala ya kujipaki.* Swichi ya kujipaki ndani ya mota ni chafu, au waya wake umekatika. Kwenye 14W, kagua plagi yenyewe kwanza; ncha zake hulegea mara nyingi kuliko mota inavyoharibika.

*Fyuzi inakatika mara kwa mara.* Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Toa kebo kwenye mota na ujaribu. Fyuzi ikidumu, kebo au kiboksi kinabana. Ikikatika bado, kuna waya unaogusa bodi, au mota inataka hatua ya 7 upya.

*Mkono unateleza juu ya shafti, shafti inazunguka peke yake.* Meno ya ndani ya kichwa yamekwisha. Usijaze gundi wala kufunga waya. Tafuta kichwa cha mtumba chenye idadi ileile ya meno, na uyahesabu kwa kioo cha kukuzia, maana jicho tupu linadanganya.

*Maji yanadondoka miguuni baada ya kazi yote hii.* Ulisahau raba za kuzuia maji chini ya nati za shafti, au ulirudishia zile ngumu za zamani. Toa nati, weka raba laini mpya, kaza kwa mkono kisha nusu mzunguko kwa spana. Ukikaza zaidi, raba inachomoza pembeni na maji yanaingia kama mwanzo.